Chanuo la chuma la kunyonyolea manyoya ya mbwa: litumike vipi bila kuijeruhi ngozi?

Mkaazi wa Tudor

Salaam aleikum ndugu zangu mnaofuga mbwa hapa Mombasa na viungani mwake.

Naomba mnisaidie katika jambo moja. Nyumbani tuna mbwa wawili wa ulinzi: jike wa German Shepherd mwenye umri wa miaka minne, na dume wa kienyeji mwenye manyoya mafupi yaliyolala barabara juu ya ngozi. Jike huyu hunyonyoka mwaka mzima. Ua hufagiwa asubuhi, na ifikapo alasiri matonge ya manyoya laini yameshajikusanya tena chini ya tangi la maji na kwenye pembe za baraza, na upepo wa kusi ukishika kasi hupeperushwa juu ya ukuta hadi kwenye kamba za nguo za jirani, ambaye ni mtu wa msikitini na ana kila haki ya kutotaka manyoya ya mbwa yashikamane na kanzu zake. Amenivumilia kwa muda mrefu, nami sipendi kuendelea kumtia majaribuni.

Kwa sababu hiyo nilimwita kijana mmoja anayepita majumbani kuogesha mbwa. Alimmwagia maji ya mpira, akampaka sabuni, akamsuuza, kisha manyoya yakiwa bado yanachuruzika maji akaanza kumchana kwa lile chanuo la chuma la kunyonyolea, lile lenye mpini mnene na utepe mmoja wa meno mafupi yaliyobanana kama wembe wa mashine ya kinyozi. Aliendelea kwa muda wa karibu saa nzima, na kwa kuwa manyoya yalikuwa yakitoka kwa wingi, alizidi kukandamiza. Kesho yake tuliona mistari myekundu iliyokwenda sambamba juu ya uti wa mgongo na kwenye paja moja la nyuma, na mbwa ambaye hajawahi kunionyesha jino akanguruma nilipomgusa pale. Michubuko imekwisha kupona, na kijana yule hatujamwita tena.

Sasa mwanangu amenunua chanuo la namna hiyohiyo ili kazi tuifanye wenyewe. Liko kabatini, nami sithubutu kulitoa kabla sijaelewa. Je, ubaya ulikuwa katika kifaa au katika mkono uliokishika? Linamfaa pia yule dume wa kienyeji? Na kama linafaa, litumike mara ngapi kwa juma, sehemu gani za mwili ziepukwe, na nitajuaje kwamba imetosha?

Fundi wa Bamburi

Wa aleikum salaam. Pole kwa yaliyompata jike wako. Kazi yangu ni kusafisha mbwa na paka, na michubuko ya namna hiyo naiona mara kwa mara kwa mbwa wanaoletwa kwangu baada ya kuchanwa kwingine. Kifaa chenyewe si kibaya kwa mbwa wa aina yake, ila hakitaki mkono mzito wala mtu mwenye pupa, na hapo kwenu vyote viwili vilikuwapo.

Ili uelewe kwa nini, tazama manyoya yake kwa karibu. Mgawe kwa vidole pale begani, utaona tabaka mbili. La juu ni manyoya marefu, magumu kidogo, yenye ncha nyeusi, ambayo kazi yake ni kukinga jua, mvua na miiba. La ndani ni manyoya mafupi, laini, yenye rangi iliyofifia, nayo ni mengi mno. Hayo ndiyo yanayotembea hadi kwa jirani yako. Meno ya chanuo hupita katikati ya yale ya juu na kuyanasa ya ndani ambayo yamekwisha kuachia ngozi. Tatizo ni kwamba chuma hakina habari ya lipi limekufa na lipi liko hai. Yakisha kupungua yaliyokufa, meno hayo hayo huanza kukata manyoya mazima ya juu na kukwangua ngozi, na ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu: tabaka lake la nje lina safu 3 hadi 5 tu za chembe, ilhali la binadamu lina safu zisizopungua 10.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba mbwa wa nchi za baridi hunyonyoka kwa wingi katika misimu miwili, kwa sababu mwili wake hufuata urefu wa mchana unavyobadilika. Sisi hapa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo mbwa wetu hunyonyoka kidogo kidogo miezi yote. Ukingoja siku ambayo chanuo litatoka tupu, utaifikia ngozi kabla ya kuifikia siku hiyo. Nadhani hilo ndilo lililomponza yule kijana: aliona manyoya hayaishi, akadhani kazi haijaisha.

Sasa namna ya kufanya. Kwanza mbwa awe mkavu, na sisemi mkavu wa juujuu. Katika hewa hii ya pwani manyoya ya ndani huchelewa sana kukauka; mkono ukipita juu unahisi amekauka, kumbe chini bado kuna maji. Penyeza vidole mpaka uiguse ngozi nyuma ya masikio, kifuani na kwenye mapaja ya nyuma, na kama panahisi ubaridi basi ahirisha. Manyoya yaliyolowa hushikana na kuvuta ngozi, na ngozi iliyolainishwa na maji huchubuka upesi. Mimi humwogesha mbwa kwa sabuni ya mbwa, nikamkausha kwa taulo na feni, na kumchana siku inayofuata.

Kabla ya kushika chuma, mpitishe mikono mwili mzima, polepole, kuanzia shingoni hadi mkiani. Unatafuta kupe, chunjua, kidonda, uvimbe, au mahali ambapo anashtuka. Chochote utakachokipata, pakumbuke mahali pake na usipapitishie chanuo. Baada ya hapo mchane kwa brashi ya kawaida ili kufungua mafundo, hasa nyuma ya masikio na kwenye yale manyoya marefu ya mapajani. Chanuo la kunyonyolea halifungui fundo. Hulivuta pamoja na ngozi iliyo chini yake. Fundo likikataa, lipasue kwa vidole kidogo kidogo kuanzia nchani. Usilikate kwa mkasi, kwa maana ngozi huvutwa ikaingia ndani ya fundo bila mtu kuona, na mikasi ya nyumbani imekwisha kupasua ngozi za mbwa wengi kwa njia hiyo.

Ukianza kazi yenyewe, lishike chanuo kwa vidole, si kwa ngumi. Lilaze juu ya manyoya, meno yasisimame wima kuelekea ngozini, kisha livute kuelekea yanakolala manyoya, kwa urefu wa shubiri hivi, halafu linyanyue. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, si begani, na uzito wa kifaa peke yake unatosha. Kama huna hakika ya uzito wa mkono wako, lipitishe kwanza upande wa ndani wa mkono wako mwenyewe, pale palipo laini. Ukihisi linakwaruza, basi ndivyo na yeye anavyohisi. Mkono wako wa pili uwe unaitandaza ngozi taratibu, kwa sababu panapokunjika ndipo meno yanapong'ata. Pitisha mara tatu au nne mahali pamoja, kisha sogea; hata kama manyoya bado yanatoka, sogea.

Shingo, mabega, mbavu, pande mbili za mgongo na sehemu ya juu ya mapaja ndipo mahali pake. Juu kabisa ya uti wa mgongo na kwenye mifupa ya nyonga punguza mkono hadi uwe kama hugusi, na kama mbwa ni mwembamba paache kabisa. Usilipeleke kichwani, masikioni, tumboni penye chuchu, makwapani, kwenye kinena, mkiani, wala miguuni kuanzia kiwiko kwenda chini. Huko tumia kitana cha meno yenye ncha butu au glavu ya mpira yenye vipele.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha, mara moja kwa juma, na akinyonyoka kwa wingi mno mara mbili. Utajua imetosha kwa kulitazama lile tonge lililokamatwa: likiwa laini na la rangi moja, uko sawa, ukianza kuona ndani yake nyuzi ndefu, ngumu, zenye ncha nyeusi, chanuo limeshaanza kukata manyoya ya juu. Ngozi ikiwa ya waridi kuliko ilivyokuwa, acha. Mbwa naye huongea mapema kuliko tunavyomsikiliza: hugeuza kichwa kutazama unapochana, hulamba midomo, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa jicho. Usingoje mpaka angurume.

Yule dume wa kienyeji, usimpitishie chanuo hilo. Manyoya mafupi yaliyolala hayana kina cha kuyalinda na meno ya chuma. Mpe glavu ya mpira, umsugue kwa duara, utashangaa kiasi kitakachotoka. Na kwa wasomaji wengine: Poodle, Maltese na Shih Tzu pia hawahusiani na kifaa hiki, kwa sababu manyoya yao hukua mfululizo na chanuo litayakata tu.

Mzee wa Mikindani

Nasoma maelezo marefu kwa jambo jepesi. Mbona mnajichosha? Mbwa wa nchi za baridi kaletwa kwenye joto la kaskazi, Februari mtu mwenyewe hawezi kuvaa shati, naye kavaa koti mbili. Mleteni mwenye mashine amnyoe mpaka karibu na ngozi, apate upepo, na manyoya yatakuwa yamekwisha uani kwako. Mbona kondoo hunyolewa na hakuna anayelalamika?

Tabibu wa Likoni

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo, na kwa heshima zote naomba nikupinge katika hili, kwa sababu ni ushauri unaotolewa sana hapa pwani na una madhara.

Mbwa hapoozi mwili kwa kutoka jasho ngozini kama sisi. Hupooza kwa kuhema huku ulimi uko nje, na jasho lake dogo hutoka kwenye nyayo. Kumvua manyoya, kwa hiyo, hakumpi nafuu ile ambayo wewe unaipata ukivua shati. Manyoya ya ndani yaliyokufa yakiondolewa, yale ya juu hubaki yakizuia jua huku hewa ikipita katikati, na hiyo ndiyo hali inayomfaa katika joto letu. Ukimnyoa, jua la saa sita linaipiga ngozi ambayo haijazoea. Isitoshe, kwa mbwa wenye tabaka mbili manyoya ya ndani mara nyingi hurudi kabla ya yale ya juu, akabaki na koti la mabaka, na wengine huchukua zaidi ya mwaka kurudi hali yao. Kondoo amezalishwa kwa vizazi vingi ili sufu yake isikome kukua, na asiponyolewa huumia. German Shepherd hakuumbwa hivyo. Na manyoya hayatakwisha uani, mzee wangu: yataendelea kuanguka, tofauti ni kwamba sasa yatakuwa vipande vifupi vinavyochoma na kuingia kwenye mazulia. Kunyoa tunakuhitaji kabla ya upasuaji, kwenye kidonda, au mafundo yakiwa yamefunika mwili mzima.

Nikirudi kwa aliyeuliza, mwenzangu wa Bamburi ameeleza kazi ya mkono vizuri, nami nataka kukazia pale aliposema upitishe mikono kwanza. Kupe wa rangi ya kahawia tulionao hapa wanaishi nyumbani kabisa, kwenye nyufa za ukuta na banda, wala hawategemei nyasi. Chanuo likimpitia kupe aliyejishika humpasua au humkata na kuacha mdomo wake ndani ya ngozi. Kupe hao ndio wanaoeneza homa ya kupe kwa mbwa, ile inayomfanya apungue, afifie ufizi na kutokwa damu puani. Mwondoe kwa kibano kilichomshika karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha, kisha umtie ndani ya spiriti. Mafuta ya taa, kiberiti na kucha havihitajiki.

Kuna pia kile kivimbe kinachofanana na jipu, chenye tundu dogo katikati ambalo ukilitazama kwa utulivu unaona kitu kinacheza. Huyo ni funza wa nzi. Nzi hutaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu na mkojo, au kwenye nguo zilizoanikwa ambazo hazijakauka, na funza akianguliwa huingia ngozini. Mbwa wanaolala kwenye mchanga wenye kivuli huwapata sana, tumboni na ubavuni. Chanuo la chuma juu ya kivimbe hicho ni kulifungua jeraha lenye kiumbe hai ndani yake, nacho kikipasuka kabla ya kutolewa, pale patavimba na kuoza.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako ni kwamba chanuo la yule kijana hutoka nyumba hii likaingia nyumba ile. Upele na choa husafiri kwa njia hiyo, na vyote viwili humpata binadamu pia, hasa watoto. Mchunguzeni jike huyo kwa majuma kadhaa yajayo. Akijikuna kwenye kingo za masikio na viwiko, au pakatokea duara lisilo na manyoya lenye magamba pembeni, au manyoya yakapukutika pande zote mbili za mwili kwa mpangilio unaofanana, hiyo si kazi ya kuchana tena. Kadiri unavyochana ndivyo unavyozidisha. Mpelekeni kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Na msikubali mtu awashauri kumpaka oili chafu ya gari. Nimeona mbwa waliopakwa oili hiyo kwa ajili ya upele: wameilamba, wamepata sumu, na upele uko palepale.

Ikitokea mchubuko mdogo, osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo, kausha kwa kugusa-gusa, zuia asipalambe, na chanuo liwekwe mbali mpaka ngozi irudi rangi yake. Spiriti inachoma bure, na krimu za binadamu zina dawa ambazo si salama mbwa akizilamba. Pakitoa majimaji, harufu, au pakipanuka kati ya asubuhi na jioni, usisubiri. Katika unyevu wetu, na hasa masika, kidonda cha majimaji chini ya manyoya mazito hukua kwa saa, si kwa siku.

Mama wa Kisauni

Naongeza machache tu. Wengi wetu tunaogesha mbwa kwa maji ya kisima, na maji ya visima vingi hapa yana chumvi. Suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, hata ndoo moja tu, kwa sababu chumvi ikikaukia chini ya manyoya mbwa atajikuna na mtasema ni chanuo.

Ni hivyo hivyo kwa wanaopeleka mbwa ufukweni asubuhi. Mbwa akitoka majini hujigaragaza, na mchanga mweupe wa Nyali na Bamburi huzama hadi ngozini. Ukilipitisha chanuo la chuma juu ya mchanga huo, unamsugulia ngozi kwa msasa. Msuuze, akauke, mchanga wote utoke, ndipo uchane. Na sabuni ya unga ya kufulia si sabuni ya mbwa, jamani, hata ikitoa povu zuri namna gani.

Mkaazi wa Tudor

Ahsanteni sana, nyote. Nimempapasa jike leo jioni kama mlivyoagiza, nikamtoa kupe wawili nyuma ya sikio la kushoto na mmoja kati ya vidole vya mguu. Ngozi ya mgongoni ni safi na sikuona duara wala magamba.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza, nimelitoa chanuo letu kwenye pakiti, na nilipolipitisha kwenye mkono wa kanzu meno mawili ya pembeni yalinasa uzi. Je, hilo ni la kawaida? La pili, mbwa alipokiona kile kifaa mkononi mwangu aliinuka akaenda kujificha nyuma ya tangi. Nikimlazimisha nahofia atamng'ata mtu. Nisipomlazimisha, manyoya yako palepale na jirani ni yuleyule.

Fundi wa Bamburi

Hilo si la kawaida, na umefanya vyema kulipima. Machanuo mengi ya bei rahisi hukatwa vibaya, meno yakabaki na vinyweleo vya chuma ambavyo jicho halivioni. Chukua kipande cha pamba au soksi kuukuu ya nailoni, ukipitishe polepole kwenye meno yote. Panaponasa ndipo patakapokwaruza. Usijaribu kulisugua kwa tupa nyumbani, kwa maana unaweza kulinoa badala ya kulilainisha. Lirudishe dukani na risiti yake. Ukinunua jingine, omba lenye chuma kisichoshika kutu na lenye kingo za pembeni zilizoviringwa, na upana wake ulingane na mbwa. La mbwa mkubwa kwenye mwili mdogo hupita juu ya mifupa bila mtu kujua. Binafsi, kwa mtu anayeanza na mbwa ambaye ameshaumizwa, ningependekeza reki ya manyoya, ile yenye safu ya meno marefu, ya duara nchani, yanayozunguka yenyewe. Inatoa manyoya machache zaidi kwa kila mpito, lakini haikati, na mkono ukikosea kidogo madhara yake ni madogo.

Chochote utakachochagua, hewa ya bahari itakifuata. Kila ukimaliza, toa manyoya kwenye meno, kioshe kwa maji na sabuni, kikaushe hapo hapo kwa kitambaa, ukihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, si kwenye dirisha la bafuni. Kutu ikianza kutoboa meno, ile pamba itanasa tena, na hapo kifaa kimekwisha kazi yake. Kiwe cha jike peke yake. Dume awe na glavu yake.

Kuhusu woga wake, usimfuate nyuma ya tangi. Kwa siku za mwanzo kiweke kifaa sakafuni, mahali ambapo anapita, na umpe kipande cha nyama iliyochemshwa bila kitunguu kila anapokisogelea mwenyewe. Akizoea, kishike mkono mmoja huku ukimpapasa kwa mwingine. Baadaye mguse begani kwa upande wa nyuma wa kifaa, usio na meno. Mpito wa kwanza wa meno uwe mmoja tu, begani, mbali kabisa na pale mgongoni alipoumia, kisha mwachie aende zake. Afanye mtu mmoja, yule anayemwamini zaidi, na watoto wakae ndani. Asisimame kwenye vigae vinavyoteleza. Mtandikie gunia au busati la mpira, kwa sababu mbwa asiyejiamini miguuni hajiamini kwa lolote. Usimfunge mdomo kwa kamba hata kwa dakika chache, kwa kuwa anahitaji kuhema. Ikibidi, kuna kifunika mdomo cha kapu ambacho kinamruhusu kupanua mdomo na kunywa maji.

Na kwa ajili ya jirani, fanya kazi hiyo alfajiri kukishapambazuka, kabla upepo wa baharini haujaamka na kabla ya joto, kwenye pembe ya ua iliyo mbali na kamba zake. Lilowanishe gunia kidogo pembeni, pale asipokanyaga mbwa, uwe unayabandika manyoya hapo kila unaposafisha meno, hayatapeperuka. Yafunge kwenye mfuko pamoja na taka, usiyasukume kwenye mfereji wa maji, yataziba.

Mzee wa Mikindani

Marahaba, mwanangu wa Likoni, nimekusikia. Ila mbwa wa mkwe wangu kule Changamwe amekwisha kunyolewa tangu mwezi uliopita, naye ni wa aina hiyo hiyo. Afanyiwe nini sasa?

Tabibu wa Likoni

Mzee wangu, asichanwe kwa chuma kabisa mpaka manyoya ya juu yarudi. Glavu ya mpira mara moja kwa juma inatosha kwa sasa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni awe na kivuli cha uhakika, si cha mti unaohama na jua, na maji yasikauke kwenye bakuli lake. Wakati wa usiku wamchunguze kwa mbu na kupe zaidi ya kawaida, maana ngozi iko wazi. Wampige picha ubavuni kila mwezi, mahali palepale, ili waone kama yanarudi sawasawa. Baada ya miezi sita pakiwa bado pana mabaka matupu, au akinenepa na kuwa mzito wa kuamka bila sababu, daktari ampime damu kuangalia tezi ya shingoni, kwa sababu tezi hiyo ikizembea manyoya yaliyonyolewa huchelewa au hukataa kabisa kuota.